Kidole cha Shahada

Kilichokatika ni cha shahada, mkono wa kulia,
pamoja na nusu ya jirani yake.
Nalisema mapema kwa sababu dirishani
huulizwa mwisho, baada ya namba ya simu.

Ilikuwa zamu ya usiku, kiwandani Igogo,
meza ya kuchuna ngozi za sangara.
Mashine haikukosea: ilichuna ilicholetewa.
Barafu ikabadilika rangi, msimamizi akapiga kelele,
si kwa ajili yangu, kontena lilikuwa linasubiriwa.
Nilifungwa kwa aproni ya Nyanzobe, namba 417,
ambayo mwisho wa mwezi alikatwa kwenye mshahara.

Sasa nadai. Kudai nako ni kazi,
haina zamu, haina chai ya saa nne.
Mfuko wa fidia unataka taarifa ya ajali
yenye muhuri wa mwajiri, cheti cha daktari wa Bugando,
hati za mshahara, na ushahidi
kwamba usiku ule nilikuwepo.
Ushahidi!
Shahidi wangu mkuu walimtupa pamoja na mapanki.

Najifunza kuandika kwa kushoto.
Barua ya kwanza herufi zililala kama matete baada ya mvua.
Ya pili mwanangu Sayi alinipigia mistari kwa rula.
Yah: Maombi ya nakala ya daftari la mahudhurio.
Neno "nakala" nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu.

Na jina nalo lina kesi yake.
Kitambulisho kinasema Ng'walu.
Hati ya mshahara inasema Mwalu.
Benki mimi ni Ngwalu, bila kile kijimkato cha juu,
kidogo kama kucha,
ambacho mama alikitamka puani siku aliyonipa.
"Hawa ni watu watatu," dada wa dirishani akasema, bila ubaya.
"Yupi aliyeumia?"
Nikanyanyua mkono.
Akainamisha macho, akaandika: arudi na kiapo.
Wakili, juu ya duka la vitenge Makoroboi,
akaniambia nishike Biblia kwa mkono wa kulia.
Niliishika kwa vilivyobaki.

Mtunza kumbukumbu, Bwana Bwire, ana sauti ya mtu aliyeagizwa.
Daftari la Machi liliingiwa na maji.
Wiki iliyofuata: liko makao makuu.
Kisha: makaratasi ya zamani huuzwa kwa kilo.
Tangu siku hiyo sili karanga
kabla ya kukunjua karatasi na kuisoma pande zote.
Nimesoma hesabu za darasa la tano, risiti za saruji,
barua ya mtu akimwomba mtu msamaha.
Mimi simo.

Mara ya nne nilikaa kwenye benchi hadi king'ora cha mchana.
Bwire akatoka, akala, akarudi, akanikuta.
Hakusema kitu. Akafunga mlango,
akapiga goti kwenye kabati lenye mguu mfupi,
akachomoa kilichokuwa kinaliinua.
"Kapige nakala pale nje. Urudishe upesi,
hili litaniangukia."

Ukurasa una doa la chai.
Mwalu L., namba 409. Kuingia: saa mbili usiku.
Kutoka:

Hapakuandikwa.
Nani angeandika? Kalamu ilifungwa kwa uzi pale mlangoni,
nami nilipita nimebebwa.

Kwa hiyo, ndugu mhusika, kwa mujibu wa daftari lenu wenyewe
mimi sijatoka kazini.
Penye "mengineyo" naongeza, kwa kushoto, polepole:
pamoja na kidole, nadai muda wa ziada,
miezi kumi na moja, usiku na mchana,
ambayo kitabu kinashuhudia
kuwa nimesimama pale kwenye barafu, nachuna.